Gitaa Katika Taarabu ya Tanga

Mtu abadilipo mavazi, jirani zake humtambua kwa uso. Na uso ukifunikwa, humtambua kwa sauti na mwendo. Wimbo ubadilipo vyombo vyake, twautambua kwa nini? Swali hili si jepesi kama lionekanavyo, na watu wa pwani ya kaskazini ya Tanzania wana haki kubwa ya kuliuliza kuliko wengine. Ni katika mji wao wa Tanga, katika miaka ya 1960, taarabu ilipovuliwa baadhi ya vyombo ilivyorithi kutoka Misri na Unguja, ikavishwa gitaa la umeme.

Lililonisukuma kuandika ni neno la mwanafunzi mmoja. Tulikuwa tukisoma habari za mashairi ya kuimbwa, nami nikawasikilizisha darasa wimbo wa Black Star Musical Club ya Tanga. Ulipokwisha, kijana mmoja, naye ni mzaliwa wa Ngamiani, akainua mkono akasema kwamba hiyo si taarabu, bali ni dansi iliyovaa kanzu. Wenziwe wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilinitoka. Niliona kwamba mtoto wa Tanga amefundishwa kuitazama kazi ya wazee wake kama nakala iliyoharibika ya kazi ya wengine, na kwamba waliomfundisha hivyo ni sisi walimu. Twaandika kurasa nyingi juu ya taarabu ya Unguja, na twastahili kufanya hivyo. Tukifika Tanga twaandika aya moja, nayo aghalabu huanza na neno "baadaye".

Basi na tuanze na hiyo iitwayo asili. Yajulikana kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alipenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim huko akajifunze kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kilazwacho mapajani. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Nyimbo zilizosikika katika majumba ya wakubwa zilikuwa za Kiarabu, na wengi waliozisikia kwa mbali hawakujua maana yake. Ndipo akatokea Siti binti Saad, mwana wa Fumba, aliyezaliwa yapata mwaka 1880 katika nyumba ya watu wanyonge. Yeye aliifikisha taarabu kwa umma katika lugha yao, na mwaka 1928 akasafiri pamoja na wapigaji wake hata Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, Tanga. Sidhani kwamba hilo lilikuwa sadfa tupu. Mtu wa Tanga alitambua thamani ya mwanamke aliyethubutu kukibadili kitu kilichodhaniwa kimekamilika.

Twaona, basi, kwamba hicho tukiitacho asili chenyewe ni badiliko juu ya badiliko. Aliyeleta kanuni kutoka Misri alibadili. Aliyeleta Kiswahili mahali pa Kiarabu alibadili zaidi. Kwa hiyo kosa la kubadili haliwezi kuwa kosa la Tanga peke yake. Hukumu ya haki haiulizi kama mtindo umebadilika, kwa maana mtindo usiobadilika ni wa maiti. Huuliza mambo matatu: kimeachwa nini, kimeshikwa nini, na ni nani aliyepata nafasi ambayo hakuwa nayo kabla. Kwa maswali haya matatu nataka kuipima kazi ya Tanga.

Kwanza yafaa tuutazame mji wenyewe. Mwaka 1893 ulianza ujenzi wa reli kutoka Tanga kwenda bara; na mwaka huo huo Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge, na katika miche aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyosalimika safarini. Kutokana na miche hiyo michache, iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani, yalikuja mashamba yaliyoenea Muheza, Korogwe na mbele yake, hata Tanganyika ikaongoza duniani kwa mkonge. Mkonge ulihitaji mikono, na mikono ikatoka mbali: Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wamakonde na wengineo. Walipopokea mshahara walikuja mjini, na mjini walitaka kucheza.

Hivyo Tanga ikawa mji wa mabendi. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoea Beni, ile ngoma ya gwaride na matarumbeta, pamoja na ushindani wa vyama vyake vya Marini na Arinoti. Katika miaka ya 1950 likaja dansi la magitaa. Bendi iliyokuja kupata sifa kwa jina la Jamhuri Jazz ilianza katika miaka hiyo kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo latosha kutuonyesha walioianzisha walikuwa watu wa wapi. Baadaye Atomic Jazz nayo ikatia fora. Kijana wa Ngamiani wa siku hizo hakuhitaji kusafiri ili alisikie gitaa. Lilimfikia kitandani usiku, kupitia dirishani.

Lakini mji huu ulikuwa na urithi mwingine, nao ni wa zamani kuliko reli. Mrima ni nchi ya mashairi. Wajerumani walipoingia kwa mabavu katika miaka ya 1888 na 1889, aliyeitia vita hiyo katika utenzi alikuwa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa pwani hii hii. Shaaban Robert alilelewa katika hewa hiyo, akaiacha imekuwa nzito zaidi alipofariki mwaka 1962. Katika nyumba za Tanga, Pangani na vijiji vya Mtang'ata, kujua kupanga vina na mizani hakukuwa kazi ya wasomi peke yao. Ilikuwa ni adabu ya mtu mzima, kama kujua namna ya kumkaribisha mgeni. Gitaa lilikuwa barabarani, na shairi lilikuwa nyumbani. Siku moja lazima vingekutana.

Vilikutana katika Black Star Musical Club. Chama hiki cha miaka ya 1960 kiliingiza gitaa la umeme na gitaa la besi katika taarabu, kikaziimba nyimbo zake kwa pigo jepesi lililokaribia dansi na ngoma za pwani. Ili msomaji afahamu uzito wa jambo hilo, yafaa tueleze kazi ya vyombo. Katika okestra za Unguja zilizofuata njia ya Misri, fidla nyingi, udi, kanuni, nai na akodioni huenda pamoja katika njia moja ya sauti, kila kimoja kikiipamba kwa namna yake. Tena fidla na udi havina vigawanyo shingoni. Kidole cha mpigaji chaweza kutua popote, hata kwenye zile sauti zilizo kati ya sauti mbili za kinanda, ambazo ndizo roho ya muziki wa Kiarabu. Gitaa sivyo lilivyo. Shingo yake imegawanywa kwa vijiti vya chuma, na sauti zilizo katikati zimefungiwa nje. Anayeshika gitaa badala ya udi huwa amekwisha kuchagua, apende asipende, kuziacha sauti hizo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza. Kilichoachwa si kidogo, na wanaosikitika hawasikitiki bure. Ziliachwa sauti za katikati. Ukaachwa ule utangulizi mrefu wa vyombo vitupu, uliomtayarisha msikilizaji kama udi ufukizwao chumbani kabla wageni hawajaingia. Ukapungua na ule wingi wa fidla uliofanya wimbo uvume kama bahari ya kusi. Mimi mwenyewe nikisikiliza okestra kubwa ya Unguja, na baada yake kikundi kidogo cha Tanga, huona kana kwamba nimetoka katika jumba la ghorofa nikaingia katika nyumba ya vyumba vitatu. Ni lazima tuliseme jambo hili wazi, maana anayetetea badiliko kwa kuficha gharama yake hatetei, bali anafanya biashara.

Sasa na tuulize kilichoshikwa. Kilichoshikwa ni shairi. Beti zilibaki beti, na vina vikabaki vina. Kibwagizo kilirudi mahali pake. Na mafumbo yakaendelea kufumba. Mtunzi wa Tanga aliendelea kusema mnazi akiwa na maana ya mtu, na kusema safari akiwa na maana ya ndoa. Mfano mzuri ni Shakila Said, mwimbaji mkubwa kuliko wote waliotoka katika mkoa huu, aliyeimba katika Black Star na baadaye katika Lucky Star. Katika wimbo wake ujulikanao kwa jina la "Macho Yanacheka" twamkuta mtu ambaye uso wake waonyesha furaha hali ndani yake mna msiba. Fikra hiyo ni ya kale katika ushairi wa Kiswahili, wala gitaa halikuipunguza hata chembe. Naam, nathubutu kusema kwamba gitaa liliisaidia, kwa kuwa pigo lake la furaha lilikuwa ndiyo macho yanayocheka, na maneno yakawa ndiyo moyo. Msikilizaji alicheza huku akiambiwa habari za huzuni, akajikuta yeye mwenyewe amekuwa mfano wa wimbo.

Jambo hili hulipita darasa letu kila mwaka, kwa sababu tumezoea kutenga mambo mawili: wapenda ushairi husoma maneno kana kwamba hayakuimbwa, na wapenda muziki husikiliza vyombo kana kwamba hakuna kilichosemwa. Mtunzi wa Tanga hakutenga. Alijua kwamba wimbo una mzigo na una mchukuzi. Alibadili mchukuzi, mzigo akauweka pale pale.

Swali la tatu ni la watu. Okestra kubwa yataka wapigaji wengi, vyombo vya gharama, na walimu wa kufundisha miaka na miaka. Kikundi kidogo chenye magitaa mawili, besi, kinanda na ngoma chaweza kuanzishwa na vijana wa mtaa mmoja wenye nia na mfadhili mmoja. Hivyo mlango ulifunguka kwa watu ambao wasingeweza kuingia kwa njia nyingine. Wanawake nao, ambao tangu siku za Siti walikwisha kuonyesha wanavyoweza, wakasimama mbele kama waimbaji wakuu, na majina yao yakajulikana kuliko majina ya wapigaji. Ushindani nao ukaja, kwa kuwa pwani yetu haijui kuimba bila kushindana: katika miaka ya 1970 Lucky Star ikatokana na Black Star, na nyota hizo mbili zikaugawa mji.

Tena sifa yao haikukaa Tanga. Mji huu u karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri; viwanda hivyo vilikuwa Kenya. Redio ya taifa ilirekodi nyimbo na kuzirusha hewani, lakini aliyetaka sahani ilibidi atazame kaskazini. Kwa njia hiyo taarabu ya Tanga ikasikika Kenya yote na kufika hata Burundi. Sahani zenyewe nazo zilitia mkono wao katika mtindo. Upande mmoja wa sahani ndogo hauchukui zaidi ya dakika chache. Wimbo mrefu sharti ukatwe, au ugawanywe sehemu ya kwanza na ya pili. Mtunzi aliyezoea kutembea polepole akajifunza kufika upesi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ikazibika, na vikundi vya Tanga vikapata hasara ambayo hatujaipima ipasavyo.

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya bandari ya Afrika peke yake. Sivyo. Katika Italia uko mji wa bandari uitwao Genoa, na mwana wa mji huo alikuwa Fabrizio De André, mtungaji na mwimbaji aliyefariki mwaka 1999. Watu walimpenda kwa nyimbo zake za Kiitalia zilizofuatana na gitaa. Mwaka 1979 alizunguka nchi yake akiwa na bendi ya muziki wa roki iitwayo PFM, ambayo ilizivisha nyimbo zake za zamani vyombo vya umeme. Kisha mwaka 1984 akatoa sahani iitwayo Crêuza de mä, aliyoitengeneza pamoja na Mauro Pagani, aliyekuwa zamani mwanabendi wa PFM. Katika sahani hiyo alikiacha Kiitalia cha vitabuni, akaimba kwa lugha ya mji wake, na akakusanya vyombo vya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediteranea, udi ukiwa miongoni mwao.

Tazama jinsi njia zinavyopishana. Mtu wa Genoa alitoka kwenye gitaa akaufuata udi. Watu wa Tanga walitoka kwenye udi wakalifuata gitaa. Mmoja alirudi kwenye lugha ya nyumbani. Wengine hawakuwahi kuitoka. Walakini wote walifanya jambo moja, kwa kuwa wote walitwaa kile ambacho bandari ilikuwa imekwisha kukileta, wakakifanya kichukue maneno ya watu wao. Kazi ya De André husifiwa kuwa ni ujasiri wa msanii. Ya Tanga huitwa kuharibika kwa desturi. Sioni sababu ya kutumia mizani mbili, isipokuwa ile desturi mbaya ya kudhani kwamba Mzungu abadilipo amebuni, na Mswahili abadilipo amepotea.

Kipimo hiki hiki chafaa pia kwa mambo yaliyofuata. Katika miaka ya 1990 yalitokea makundi makubwa ya Dar es Salaam, kama TOT na Muungano, na taarabu ikapata vinanda vya elektroniki na mtindo wa mipasho. Wako wasemao kwamba Tanga ndiyo iliyofungua mlango huo, kwa hiyo lawama ni yake. Mimi naona tofauti. Tanga ilibadili chombo ikalilinda fumbo. Mipasho ililigusa fumbo lenyewe, ikamtoa mlengwa gizani na kumweka mbele ya taa. Huenda hilo nalo lina uzuri wake, na huenda wanawake wengi walipata humo ulimi ambao walinyimwa nyumbani. Lakini ni badiliko la namna nyingine, na mwanafunzi asiyeweza kuyatenga mabadiliko hayo mawili hajaanza kuyasoma hata moja.

Mwaka 1989 kampuni moja ya London ilitoa sahani iitwayo Nyota, yenye nyimbo za Black Star na Lucky Star. Kwa hiyo alipokuwako Ulaya mtu wa kuzitafuta nyimbo hizi na kuzinunua, kwetu zilikuwa zikipotea pamoja na mashine za kuzipigia. Shakila, ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam na kuimba katika kikundi cha taarabu cha Jeshi la Wananchi, alifariki mwaka 2016. Kila mwaka hupungua mmoja wa wale wawezao kutuambia ni nani aliyetunga beti gani, kwa sababu gani, na fumbo lilimlenga nani. Vyombo vyaweza kununuliwa tena. Maelezo hayo hayana duka.

Nirudi kwa yule kijana wa Ngamiani. Sikumkaripia. Nilimwomba tu kwamba akienda likizo amuulize bibi yake kama aukumbuka wimbo ule. Aliporudi alikuwa na haya kidogo. Alisema kwamba bibi yake, akiwa ameketi uani anapeta mchele, aliuimba wimbo wote tangu beti la kwanza hata la mwisho, bila gitaa wala fidla, na kwamba katika beti la tatu alisimama akamweleza ni mwanamke gani wa mtaani aliyeambiwa maneno yale. Nikamwambia, "Basi umepata jibu: wimbo hutambulika kwa maneno yake."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini vidole vya bibi vilikuwa vikigonga ungo, na pigo alilokuwa akiligonga lilikuwa la lile gitaa la besi."

Sikuwa na la kuongeza. Tangu siku hiyo nimeacha kusema darasani kwamba gitaa liliingia katika taarabu ya Tanga kama mgeni. Mgeni hukaribishwa, hula, huaga. Hili limo vidoleni mwa bibi.